Sahani ya bei chee Bangkok: nani anailipia?

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaokwenda Bangkok kufuata nguo za Pratunam, na wenzao wa vito, wanaijua vizuri shida moja ya mji ule. Chakula kiko kila kona, ila kujua kilichomo chunguni ni kazi. Nguruwe yumo kwenye supu, damu imo kwenye baadhi ya tambi, na mchuzi wa samaki umo hata kwenye kachumbari ya papai bichi. Mwislamu mwenye tahadhari huishia mitaa ya Waarabu pale Nana, akala vizuri na kulipa vizuri vilevile.

Yapo masoko mengine ambayo wengi wetu huyapita bila kuyaona. Moja liko Nawamin Soi 44, wilaya ya Bueng Kum, mashariki ya mji: mabanda ya vyakula na maduka ya nafaka, sabuni na dawa za mitishamba, yote yakiendeshwa na jumuiya ya Wabudha iitwayo Santi Asoke. Mkahawa wa namna hiyohiyo uko Chatuchak, jirani na lile soko kubwa la wikendi, na Chiang Mai pia wana wao. Ndani yake hakuna nyama, samaki, pombe wala sigara. Anayetaka cheti cha halali asikitegemee hapa. Anayetaka tu kuepukana na nguruwe na pombe, hapati mahali pepesi zaidi ya hapa. Na bei iko chini ya ile ya mtaani.

Mgeni akiona bei hiyo huwa na maelezo mawili mkononi: ama mboga ni rahisi kuliko nyama, ama Wabudha ni wakarimu. La kwanza si kweli Bangkok. Kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba, kwenye zile siku tisa za kula je, yaani chakula kisicho na kiungo chochote cha mnyama wala mboga zenye harufu kali kama vitunguu, bei za mboga hupanda, na wauzaji wa kawaida hupandisha za sahani. Mikahawa ya wala mboga iliyolenga watalii ndiyo kabisa, sahani yake inazidi ya wali na kuku. La pili lina ukweli ndani yake, ila halielezi kitu. Ukarimu haulipi gesi. Bei ile imetengenezwa na mpangilio, na mpangilio huo una gharama ambayo mtu fulani anaibeba.

Ni vyema kujua kwanza ni watu gani. Wabudha wengi wa Thailand wanakula nyama, na watawa wanaopita alfajiri na bakuli hula walichopewa, nyama ikiwemo. Asoke walilikataa hilo. Mwanzilishi wao, Phothirak, alikuwa mtu wa televisheni kabla ya kuingia utawani mwaka 1970. Mwaka 1975 alijitenga na uongozi wa watawa wa nchi, mwaka 1989 uongozi huo ukaagiza avuliwe utawa, kesi ikafika mahakamani na kuishia kwa kifungo cha nje. Alifariki mwaka 2024. Watawa wake huvaa kahawia badala ya rangi ya chungwa, na wafuasi wengi hutembea peku na kula mlo mmoja kwa siku. Kauli mbiu yao kwa Kiswahili chepesi ni hii: kula kidogo, tumia kidogo, fanya kazi sana, kinachobaki wape wengine.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayofika kwenye sahani. Biashara wanayoifanya wanaiita bunniyom, mfumo wa kutafuta thawabu, wakiuweka upande wa pili wa mfumo wa kutafuta mtaji. Una ngazi nne. Ngazi ya chini kabisa ni kuuza chini ya bei ya soko. Inayofuata ni kuuza kwa gharama uliyonunulia. Ya tatu ni kuuza chini ya gharama, yaani kwa hasara ya makusudi. Ya nne ni kutoa bure. Kadiri muuzaji anavyopoteza fedha ndivyo anavyohesabu thawabu. Kila mwaka mpya hufanya soko maalumu la bei za namna hiyo, na kule Ratchathani Asoke, mkoa wa Ubon Ratchathani, sahani ya chakula imewahi kuuzwa baht 1.

Sasa tufanye hesabu, maana hapo ndipo watu huteleza. Kwenye biashara ya mikahawa, kanuni ya makadirio ni kwamba viungo na vyakula vibichi huchukua kama theluthi ya bei ya sahani. Theluthi nyingine ni mishahara. Iliyobaki hugawanywa kati ya kodi ya pango, gesi, maji, chakula kinachoharibika na faida. Tuchukulie sahani ya wali na michuzi miwili inayouzwa baht 50 mtaani. Vibichi vyake ni kama baht 17. Ondoa mishahara, kwa kuwa wapishi wa Asoke hawalipwi. Ondoa pango, kwa kuwa eneo ni la jumuiya. Ondoa faida. Gesi, maji na uharibifu tuviwekee baht 5. Umefika baht 22 bila muujiza wowote. Sehemu ya mchele na mboga ikitoka kwenye mashamba ya jumuiya zao zenyewe, Pathom Asoke au Sisa Asoke, ambako halipo lori la dalali katikati, inashuka tena.

Mama lishe wa Manzese akisoma hapa atacheka: hata yeye hajilipi mshahara. Ni kweli, na ndiyo sababu sahani yake ni nafuu kuliko ya hotelini. Lakini mpishi wa Asoke analala kwa jumuiya, anakula kwa jumuiya, akiugua anauguzwa na jumuiya. Mtoto wake anasoma shule ya jumuiya. Mama lishe vyote hivyo anavitoa kwenye sahani ileile. Kwa hiyo anayeziweka bei hizi mbili kwenye mizani na kumwambia mama lishe kuwa anapiga watu bei, analinganisha vitu viwili visivyofanana. Bei ya Asoke inalipiwa na mtu aliyekubali kutokuwa na kitu. Watu hao ni wachache kila mahali, na hakuna semina ya ujasiriamali itakayowazalisha.

Sehemu ya pili ya unafuu iko jikoni, na hii yeyote anaweza kuiiga. Angalia wali. Asoke wanapenda mchele usiokobolewa, wenye ganda lake la ndani. Unashibisha mapema, lakini una masharti. Kikombe kimoja kinataka vikombe viwili hadi viwili na nusu vya maji na dakika 40 hadi 50 za moto mdogo. Ukiloweka saa kadhaa kabla, unaokoa gesi. Gramu 100 za mchele mkavu hutoa kama gramu 250 za wali, kwa hiyo kilo 10 ni sahani 100. Tatizo lake ni mafuta yaliyo kwenye lile ganda: kwenye joto la Bangkok, kama la Dar es Salaam tu, huchacha ndani ya miezi michache na wali ukatoa harufu ya mafuta ya zamani. Mfanyabiashara anayenunua gunia na kuliweka hupata hasara. Jumuiya yenye mashine yake ya kutoa ganda la nje la mpunga, inayotoa kidogo kidogo kwa kadiri ya matumizi, haina tatizo hilo.

Kisha ile nyama isiyo nyama. Thailand wana kitu kiitwacho protin kaset, vipande vikavu vya soya iliyotolewa mafuta, vilivyopewa jina la Chuo Kikuu cha Kasetsart. Karibu nusu ya uzito wake mkavu ni protini, huhifadhika bila friji, na kilo moja ikiloweka inakuwa kama kilo tatu. Wanaoshindwa kukipika hushindwa kwa kosa lilelile moja. Wanakiloweka, kisha wanakitia moja kwa moja kwenye mchuzi. Kinatakiwa kuloweshwa dakika 20 hivi, kukamuliwa kama unavyokamua nazi, kuoshwa kwa maji mapya na kukamuliwa tena mpaka maji yatoke safi. Harufu ya soya inaondoka na yale maji. Baada ya hapo kikae kwenye sosi ya soya, pilipili manga na mizizi ya giligilani kabla hakijaona mafuta. Kikiingia sufuriani kikiwa na maji yake ya kwanza, mchuzi mzima utanuka maharage mabichi na hakuna kiungo kitakachouokoa.

Michuzi ya tui inaeleweka haraka kwa mtu wa pwani. Tofauti iko kwenye viungo vilivyosagwa: vile vya dukani, vya kijani au vyekundu, mara nyingi vina kamba waliochachushwa. Jiko la Asoke husaga vyake bila kamba. Chumvi, sosi ya soya na wakati mwingine uyoga mkavu huchukua nafasi ile. Kachumbari ya papai hutiwa ukwaju, ndimu, sukari ya mnazi na sosi ya soya. Laab, ile nyama ya kusaga yenye mnanaa, hufanywa kwa uyoga uliochanwa kwa mkono. Siri yake ni mchele uliokaangwa mkavu hadi ukawa wa hudhurungi kisha ukatwangwa, kijiko kimoja kwa sahani. Mchele huo ukitwangwa jana, leo hauna harufu. Na pak bung, ile mboga ya majini iliyo ndugu wa matembele, hukaangwa kwa moto mkali chini ya dakika moja. Ikizidi hapo inatoa maji na kulegea.

Sasa namna ya kula. Taratibu hutofautiana kidogo baina ya mabanda, ila mtiririko ni huu: nenda asubuhi. Saa tatu hadi saa tano ndiyo saa nzuri, saa za kwetu za Kiswahili, maana wenyewe wana mlo mmoja na sufuria hazijazwi tena mchana kutwa. Tui kwenye nyuzi 30 linaanza kuchacha ndani ya saa nne, kwa hiyo wanapika kiasi cha kuisha, na kinapoisha kimeisha. Anayefika saa nane mchana hukuta sufuria zimefunikwa, akaondoka akisema mahali penyewe hapana chakula.

Pale Chatuchak unanunua kwanza kuponi mlangoni. Nunua kidogo, ukiongeza baadaye hakuna atakayekushangaa. Chukua sahani, upewe wali, kisha unyooshe kidole kwenye michuzi unayoitaka. Sahani hutozwa kwa idadi ya michuzi juu ya wali, kwa hiyo mmoja, miwili, mitatu ni bei tatu tofauti. Wenye njaa huomba mitatu na kuishia kuacha mmoja. Anza na miwili, mmoja wa tui na mmoja mkavu, kwani michuzi miwili ya tui kwenye sahani moja huchanganyika na kupotezana ladha. Hakikisha mmoja una tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, au protin kaset. Sahani ya wali na majani peke yake itakushibisha kwa saa mbili tu, ndipo watu husema chakula cha mboga hakikai tumboni. Gramu 100 za tofu ngumu zina protini kati ya gramu 10 na 15. Vipande vinne vikubwa vinatosha.

Kama una mzio, uliza mapema. Karanga zimo kwenye mchuzi uitwao massaman na kwenye sosi ya mishikaki. Ngano imo kwenye sosi ya soya na kwenye vile vipande vyeupe vinavyotafunika kama filigisi, ambavyo ni gluteni, ile protini inayonata ya unga wa ngano. Vile vinavyoigiza sana, kamba wa bandia wenye mistari myekundu au samaki wa bandia mwenye ngozi, ni vya kununua kiwandani, na hapo ndipo shaka huanzia. Maabara za wizara ya afya ya Thailand zimewahi kupima vyakula vya je madukani na kukuta chembe za urithi za mnyama kwenye baadhi yake. Uyoga na tofu vinajulikana kwa macho.

Ukimaliza, sahani ni yako kuiosha. Hili huwashangaza wageni na huwakera baadhi yao, ila ndilo linalomtoa mtu mmoja au wawili jikoni kwenye hesabu. Mabaki hukwanguliwa kwenye ndoo yake, yanakwenda kuwa mbolea. Kisha kuna mabeseni kwa mstari: la kuondoa uchafu, la sabuni, na ya kusuuzia. Mahali pa kuharibikia ni beseni la kwanza. Mtu asiyekwangua vizuri anapeleka wali ndani ya maji, maji yanakuwa uji, na kila anayemfuata anaosha kwa uji. Mfumo huu unawezekana kwa maji baridi kwa sababu moja ambayo watu hawaifikirii. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na Bangkok haishuki hapo mara nyingi. Jaribu kuosha kwa maji baridi sahani iliyokuwa na mchuzi wa mbuzi, mafuta yakishaganda, uone kama hutahitaji mfanyakazi na birika la maji moto.

Kuna swali ambalo msomaji wa Kenya anaweza kuuliza haraka zaidi ya wengine. Kwa nini watoze hata kidogo? Pale Makindu, kwenye barabara ya Nairobi na Mombasa, hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 huwapa wasafiri chakula cha mboga bure, awe dereva wa lori au familia ya matajiri. Kwa ngazi za Asoke, Makindu imekaa ya nne, ya juu kabisa. Tofauti ni chanzo cha fedha. Makindu hulishwa na michango ya Masingasinga walio na biashara zao huko nje. Anayetoa na anayepika si lazima awe mtu mmoja. Asoke wanaishi pamoja kwa mfuko mmoja, na fedha ya sahani inanunua mchele wa kesho. Bei ndogo ina faida nyingine pia: mtu wa kipato cha chini anaingia kama mnunuzi, anachagua mchuzi, ananung'unika ukiwa na chumvi nyingi. Wa Makindu hula anachopewa na kushukuru. Kwa maoni yangu hapo Asoke wameona mbali, ingawa kwa dereva aliyeishiwa fedha njiani Makindu ndiyo jibu.

Tusiwafanye malaika hata hivyo. Chakula cha bei chee kina uzito wa kisiasa, na jumuiya hii imeutumia. Chamlong Srimuang, jenerali mla mlo mmoja na mfuasi wao maarufu kuliko wote, alichaguliwa gavana wa Bangkok mwaka 1985 akiwa na sifa ya mtu asiyehonga wala kuhongwa. Mwaka 1988 akaanzisha chama cha Palang Dharma. Mkahawa wa Chatuchak hadi leo wengi huutaja kwa jina lake. Na kwenye maandamano marefu ya mwaka 2006 na 2008 dhidi ya kambi ya Thaksin Shinawatra, waziri mkuu wa mwaka 2001 hadi 2006, watu wa Asoke walipiga kambi na kulisha umati chakula cha mboga. Umati unaokula bila kulipa hauondoki barabarani mapema, hilo kila mwanasiasa analijua. Ajabu ni kwamba miaka michache kabla, chini ya Thaksin huyohuyo, benki ya kilimo ya serikali ilikuwa ikiwapeleka wakulima wenye madeni kwenye vituo vya Asoke wakajifunze kilimo kisicho na kemikali na kupunguza matumizi. Wakulima wengi walikwenda ili madeni yao yaangaliwe, na walichokuta ni kuamka kabla ya jua na kula mboga.

Kikundi cha akina mama lishe wa huku wakitaka kuchukua kitu, waache bei na wachukue utaratibu. Kuponi zinaondoa mikono ya fedha kwenye sufuria na zinaonyesha saa nne asubuhi sahani ngapi zimeshauzwa, hivyo wali wa pili unapikwa kwa kipimo. Michuzi minne badala ya minane inapunguza kinachomwagwa jioni. Kununua mchele na maharage pamoja, watu kumi gunia kumi, kunamwondoa dalali mmoja. Kujioshea sahani kutagoma: mteja wa kwetu anayelipa anataka kuhudumiwa, na akiambiwa aoshe atahamia kibanda cha pili. Labda kwenye kantini za vyuo, ambako beseni liko karibu na mlango na kila mtu anamwona mwenzake akiosha. Punguzo la shilingi 200 kwa anayeosha lingekuwa jaribio zuri, mradi maji ya beseni la kwanza yabadilishwe kila sahani 30.